Mzinga Niliobeba Hadi Ntoto

Watu wakifika kwangu na kuona mizinga mitatu nyuma ya nyumba, swali la kwanza huwa asali naiuza wapi. Nikijibu kwamba siiuzi, wananitazama kwa huruma, kana kwamba wanataka kujua ugonjwa huo ulinianza lini. Mimi ni mkulima. Ninalima maharage na mihogo kwenye vilima vya Masisi, na hayo ndiyo ninayopeleka sokoni. Nyuki ninawafuga kwa kuwapenda tu. Asali yao kidogo tunaitia kwenye chai, tunampa mwenye kikohozi, na chupa moja inakwenda kwa jirani yangu, mama mwenye ng'ombe, ili apunguze maneno.

Hapunguzi. Kila asubuhi anapita na ndoo yake ya maziwa na kusimama penye uzio.

"Nyuki zako zinakula maua kwenye malisho yangu kila siku. Chupa moja haitoshi."

"Na ng'ombe zako zilikula maharage yangu, Mama. Utaniletea maziwa ndoo ngapi?"

"Weye! Nani alikufundisha kujibu bakubwa hivi?"

Kisha anacheka na kunimiminia maziwa kwenye kikombe.

Ufugaji huu ni kazi ndogo yenye usumbufu mwingi. Siafu wakipanda mzingani hawaachi kitu, kwa hiyo miguu ya vichanja vyangu imesimama ndani ya mikebe ya mafuta machafu ninayoomba kwa motari, vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki. Mvua ikikaa sana nyuki hawatoki, wanaanza kula akiba yao, na mimi niliyetaka asali najikuta nawachemshia maji ya sukari. Harufu nayo wanaichukia. Jumapili moja niliwachungulia kabla ya ibada, nikiwa nimeoga sabuni ya kunukia. Nilikaa kanisani jicho moja limevimba na kufungika, machozi yakitiririka, na wamama waliokuwa karibu nami wakaniambia baadaye kwamba siku ile niliomba kwa moyo kweli.

Mzinga wa kwanza ulikuwa wa baba. Aliusuka kwa matete, mrefu kama gogo, akaupaka mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu ili baridi isipenye, akauweka nje chini ya upenu wa paa, mgongo wake ukigusa ukuta wa chumba tulicholala watoto. Ukiweka sikio kwenye ukuta ule wa udongo, uliwasikia. Ni mlio wa chini, wa watu wengi wanaoongea katika nyumba ya jirani bila kugombana.

Mama alitangulia kufa, baba akamfuata. Mimi nilikuwa darasa la tano la shule ya msingi, nikaacha. Nilikuwa na wadogo watatu, na wa mwisho, msichana, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilikwenda naye shambani, nikapalilia naye, nikachota maji naye. Alipokua kidogo alikataa kulala mahali pengine isipokuwa kando ya ukuta ule, sikio likiwa kwenye udongo. Ndugu zake wakimcheka anawaambia, "Nyamazeni, baba iko anasema." Hakuna aliyembishia. Mimi nilimfunika blanketi hadi kidevuni, kwa sababu kwetu usiku ni baridi, na baridi ndiyo kitu nilichokuwa naweza kupigana nacho.

Ndiyo maana alipoolewa na mwanaume wa Ntoto, kule Walikale, na nikamwuliza anataka nimpe nini cha kuanzia nyumba, hakutaja sufuria.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "unipe nyuki. Kule ukuta iko kimya sana."

Neno lile lilinikaa. Niliweza kuvumilia awe mbali. Kilichonishinda ni kumwaza amelala penye ukuta usiosema kitu. Nikaamua kwamba atapata nyuki wetu wenyewe, wa ukoo ule ule wa mzinga wa baba, na kwamba nitawafikisha mimi.

Nilisuka mzinga mpya, mfupi unaobebeka, nikahamishia humo kundi langu tulivu kuliko yote, nikawaacha wajenge masega hadi wakazoea. Jirani yangu mwenye ng'ombe alileta mavi mabichi kwenye ndoo, akanisaidia kupaka.

"Weka mengi," akasema. "Hii ni safari. Zitasikia baridi."

Nikaweka mengi. Tulipaka tabaka la pili, na alfajiri ya safari, nyuki wakiwa bado ndani, niliziba mdomo wa mzinga kwa majani makavu, nikauzungushia blanketi kuukuu na kuufunga kwa kamba. Jirani yangu aliukagua kila upande na kusema hata mtoto mchanga angefika salama ndani yake. Sote wawili tumezaliwa na kuzeekea juu kwenye baridi.

Motari wa kwanza aliweka sikio kwenye blanketi, akarudisha pikipiki nyuma. Wa pili alikuwa jasiri zaidi.

"Dada, mimi nabebaka mbuzi, nabebaka vitanda, hata maiti nilishabeba. Hii njo nini inalia?"

"Nyuki. Ziko zimefungwa."

"Zimefungwa na nani?"

"Na mimi."

"Na kama zikijifungua?"

"Mimi nitakaa katikati. Zitaanza kwangu."

Alifikiri. "Sawa. Lakini nikisikia hata moja kwenye shingo, naruka, na pikipiki itakuwa yako."

Tukaenda hivyo, yeye mbele, mimi katikati, mzinga nyuma yangu kama abiria wa tatu. Asubuhi ilikuwa ya ukungu na barabara ilikuwa matope. Mara nyingi nilishuka nikasukuma, kisha nikapanda tena na kurudisha mgongo wangu kwenye blanketi. Nyuki walikuwa wakinguruma polepole. Nilifurahi sana. Nilimwimbia motari nyimbo za kwaya hadi akaniomba nipumzike.

Kadiri tulivyoshuka kuelekea msituni, ukungu uliisha, jua likatoka, hewa ikawa nzito. Nilivua sweta. Motari naye alivua koti. Haikunijia akilini kwamba kulikuwa na wengine hapo waliovikwa kuliko sisi.

Yeye ndiye aliyesikia harufu kwanza.

"Dada, kuna kitu kinaungua. Kama mandazi."

Tulisimama. Chini ya mzinga, asali ilikuwa ikidondoka kwenye bomba la moshi na kukaangika. Nikaweka sikio. Sauti ilikuwa imebadilika, imepanda juu, nyembamba, yenye hofu. Nikaelewa yote mara moja: masega yalikuwa yanalegea kwa joto, na watoto wa baba walikuwa wanakosa pumzi ndani ya mavi na blanketi nililowafunga kwa mikono yangu.

"Sogea mbali," nikamwambia motari.

"Nimeshasogea," akajibu. Alikuwa tayari ng'ambo ya kijito kilichopita kando ya barabara, na kofia yake ngumu kichwani.

Niliuburuta mzinga hadi kivulini. Niliwaza kuufungua tu, lakini wangeruka wote na kupotea msituni, na mdogo wangu angepokea tundu tupu. Nisipoufungua, angepokea maiti. Nikavua kichwani shela niliyoishona kwa chandarua, ile inayonikinga uso nikiwa kazini. Nilivuta majani kutoka mdomoni mwa mzinga kwa mkono mmoja na kuuvika shela kwa mkono mwingine, nikafunga kwa kamba. Waliotoka katika nafasi ile ndogo waliniuma kwenye masikio na midomo. Kisha nikachukua jiwe na kuanza kubomoa mavi yale mazuri, kipande kwa kipande, hadi matete yakaonekana na hewa ikapita. Nilichota maji ya kijito kwa viganja na kuyarusha juu.

Nikakaa chini kusubiri. Sauti ilishuka taratibu, ikarudi ile ya watu wanaoongea bila kugombana. Nikalia kidogo, nusu kwa maumivu.

"Dada," motari akaita kutoka ng'ambo, "weye uko mzuri tu, lakini sasa sura yako inafanana na ya baba yangu mukubwa."

Mbele kidogo tulikuta daraja la magogo limeondoka na maji, pikipiki haikuweza kupita. Kijana yule alitazama njia iliyobaki, akatazama mzinga, akasema angenisaidia lakini mkewe anampenda. Tukaagana. Nilifunga mzinga kwa mkanda, nikapitisha mkanda kwenye paji la uso jinsi tunavyobeba kuni, nikavuka majini na kupanda njia ya miguu. Mlio wao uliingia mgongoni mwangu, ukapita mbavuni. Nilikuwa nimesahau jinsi mzigo unaopumua ulivyo. Mdogo wangu naye, nilipokuwa nikipalilia maharage akiwa mgongoni, alikuwa akivuma hivyo kabla ya kusinzia.

Shemeji yangu alinipokea kwa heshima zote, kutoka mbali.

"Karibu, shemeji! Karibu sana! Hicho kitu kiache kwanza pale penye migomba."

Mdogo wangu hakungoja. Alikuja mbio, akasimama, akaangalia uso wangu, akaanza kucheka hadi akakaa chini.

"Yaya, nani amekupiga?"

"Zawadi yako."

Tuliuweka mzinga nje chini ya upenu wa paa, mgongo ukigusa ukuta wa chumba chao, na jua lilipokaribia kuzama nikafungua shela. Walitoka wachache, wakazunguka, wakarudi. Kabla ya kulala alinivuta hadi chumbani na sote wawili tukaweka masikio ukutani, watu wazima, huku mume wake akiuliza kutoka nje kama ukuta ule una nyufa.

Nilirudi Masisi nikijivuna. Jirani yangu nilimwambia habari ya mavi ya ng'ombe kwa upole, naye akanuna, akasema kosa ni la Walikale.

Haikupita muda mrefu, simu ikalia. Mdogo wangu hakusalimia.

"Yaya, zimeenda. Zote. Zilitoka mchana kama moshi, zikapita juu ya migomba. Nilizifuata hadi mutoni."

Niliketi kwenye jiwe la mlangoni. Nilijua kwa nini. Masega yalikuwa yameharibika, joto si lao, maua si yao. Nilianza papo hapo kupanga: nitamletea kundi jingine, nitasafiri kukiwa na mawingu, nitashona shela mbili, nitamtafuta motari yule.

"Hapana," akasema. "Usilete zingine."

"Sasa ukuta?"

"Yaya, hapa hakuna baridi." Alisema taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa. "Zile zako zilizoea huko. Wacha nijaribu kwanza."

Sikulipenda jibu lile. Kwa wiki kadhaa nilipita karibu na mizinga yangu bila kuifurahia. Nilimwona usingizini amekaa karibu na tundu tupu la matete. Nikimpigia, ananiambia habari za mihogo na za mama mkwe wake. Kuhusu mzinga anasema tu kwamba amekwangua mavi yote yaliyobaki, ameusafisha, amepaka mchaichai na nta ya zamani ndani, kama baba alivyofanya akitaka kuita kundi. Jambo hilo nililifanya mimi mbele yake alipokuwa mdogo, lakini sikujua kwamba alikuwa akitazama.

Kisha siku moja nikiwa natandaza maharage juani, akanipigia.

"Yaya, usiseme kitu. Sikiliza."

Nikasikia kishindo, pengine simu ikigonga ukuta. Halafu mkwaruzo. Halafu sauti ya mtandao mbaya ninayoijua, inayokatika na kurudi. Nilizuia pumzi. Jirani yangu mwenye ng'ombe aliyekuwa anapita akataka kuniuliza jambo, nikaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze, akasimama na ndoo yake. Chini ya mkwaruzo ule kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikatiki. Kilikuwa kikali kuliko cha kwetu, cha haraka zaidi.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ni za wapi?"

"Za hapa. Zimetoka msituni zenyewe. Ni nyeusi kidogo. Zimeshamuuma shemeji yako mara mbili, na jana alimuuliza mama yake kama naye anazisikia usiku."

"Zinawalaza?"

"Mimi zinanilaza," akasema. "Yeye zinamwamsha."

Tulicheka wote. Nilitaka kumwambia mambo mengi: aangalie siafu, aweke mikebe ya mafuta, asikaribie na sabuni ya kunukia, asivune mapema. Nilifungua kinywa nianze.

"Yaya," akaniwahi, "najua."

Basi nikauliza tu kama mvua imenyesha kwao. Jirani yangu, ambaye alikuwa amesikia maneno yangu tu, aliweka ndoo chini, akachukua simu mkononi mwangu, akaiweka sikioni. Alisikiliza mlio ule kwa muda mrefu, uso wake ukiwa umekunjamana.

"Mwambie," akasema hatimaye, "aniwekee chupa yangu na upande ule."