Jani la Isale na Nyasi za Kiranyi

Mzee Abdiel wa mtaa wa Sakina, Arusha, tumpe haki yake kwanza, ni mtu mwema. Msiba ukitokea mtaani, gari la duka lake la vifaa vya ujenzi ndilo la kwanza kufika na maturubai. Ila cheo, jamani! Tangu achaguliwe kuwa kiongozi wa wazee wa kanisa alianza kutembea polepole kama bwana harusi, na salamu akawa anaisubiri imfuate alipo. Hata waliomzidi umri walijikuta wakimwamkia wao.

Kufundisha alikujua. Kwenye ibada za nyumba kwa nyumba hakuna aliyemfikia kwa habari za Nebukadneza, mfalme aliyejisifia mji wake mpaka Mungu akamshusha kula majani kama ng'ombe. Alipofika kwenye majani alikuwa akiinama kidogo, kidogo tu, maana goti lake moja ni bovu, na akina mama wakavunjika mbavu. Aliyecheka kuliko wote ni Mama Naisiae, mjane wa Kiarusha anayefuga huko juu Kiranyi. Ndiye aliyemletea marehemu mke wa Abdiel maziwa muda wote wa ugonjwa, akikaa kando ya kitanda wakiimba tenzi pamoja mpaka mwisho.

Ikaja sikukuu ya mavuno, na wageni kutoka dayosisi. Abdiel alivivisha viti vya mbele vitambaa vyeupe kwa mikono yake. Mama Naisiae akaja zake, akakaa mbele kama siku zote. Abdiel akamwendea na, kwa sauti ileile ya kufundishia, mbele ya usharika mzima, akamkumbusha mfano wa Yesu: mgeni anayejiketisha mbele harusini huambiwa arudi nyuma, na aliyekaa nyuma ndiye mwenye nyumba humwambia njoo huku mbele. Watu wakacheka. Mama akainuka, akakusanya shuka yake, akapita viti vya nyuma vyote akatoka mlangoni.

Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala zile zilizofuata. Abdiel alijifariji kwamba mama amekasirikia Neno, siyo yeye. Mpaka Naisiae, binti wa yule mama, alipopita dukani kununua misumari. Alimwamkia vizuri, shikamoo Baba Blessing, kisha akamwambia bila ugomvi wowote kwamba sikio moja la mama lilikufa zamani, na kule mbele ndiko anakosikia mahubiri. Sasa anashinda nyumbani, anasema labda Mungu naye amemrudisha nyuma.

Chai ilimshinda Abdiel siku ile. Alimfikiria mkewe, na maneno ambayo angemwambia, akaona aibu hadi kwenye shingo.

Jumamosi akakata jani la isale uani, kwenye mche aliouleta kutoka kwao Machame. Kwa Wachaga, isale likiletwa kuomba msamaha halikataliwi, hata na ndugu waliogombania kihamba, shamba la ukoo. Akavaa suti, akapanda Kiranyi, imani yake yote ikiwa kwenye lile jani. Alimkuta mama amekaa kwenye kigoda, anakamua. Akasimama palepale getini, akanyoosha mkono na jani lake, akaanza kueleza kwamba siku ile kulikuwa na mambo ya itifaki. Itifaki, mbele ya ng'ombe!

Mama alilitambua jani. Ameishi na Wachaga miaka mingi.

"Kwenu linaomba jani, Baba Blessing," akasema. "Kwetu anaomba mtu."

Akaendelea kukamua.

Abdiel alijua desturi yao. Kwa Waarusha, anayetaka amani hung'oa nyasi kwa mkono wake akaja nazo. Na nyasi zilikuwa chini, zinapoota siku zote. Majirani wawili wenye ndoo walikuwa wamesimama njiani wakimwangalia. Akaanza kuinama, goti likagoma katikati, akaporomoka mzimamzima, magoti yote mawili kwenye tope la samadi na viganja kwenye majani. Hapo ndipo Nebukadneza alipomjia. Aliona kwamba miaka yote ile alikuwa akiinama kidogo tu, ili watu wacheke. Akang'oa nyasi za kujaa kiganja, na udongo wake, akalia kama mtoto.

Hakujaribu hata kusimama. Alijikokota kwa magoti mpaka upande wa sikio linalosikia.

"Shikamoo, yeyo," akasema, akimwita mama kama watoto wake wanavyomwita. Tangu apate cheo hakuwahi kumwamkia. "Nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe."

Mama akazipokea zile nyasi, akazishika kifuani kwa muda. Kisha akainuka, akakipangusa kigoda kwa ncha ya shuka yake, akakisogeza.

"Marahaba," akasema. "Njoo huku mbele, mwanangu, ukae."