Siku Nilipoufungua Mtandao wa Mpimaji

Binti wa marehemu mdogo wangu mtaa mzima unamwita Mpimaji. Chumba cha mbele cha nyumba yetu amekifanya maabara: hadubini mezani, jokofu dogo, vioo vya sampuli vimepangwa sandukuni, na kiti kimoja cha mgonjwa kinachotazama ukuta, ili anayepita barabarani asiuone uso wake. Haiti jina la mtu mbele ya mwingine. Husema, "Mwenye kilemba, karibu." Tangu utotoni kinywa chake ni kisima. Akiwa na miaka saba aliniona navunja mtungi wa mama yake. Hadi leo mtungi ule umevunjwa na paka.

Mimi nilikuwa mpanga barua posta, miaka thelathini na moja. Shule niliiacha darasa la nne, mengine nimejifunza kwa kamusi na magazeti yaliyofungiwa vifurushi. Zamani siri ilikuwa na gundi na mhuri, na aliyeifungua alijulikana. Siku hizi siri inarushwa hewani kama makapi, na vijana wanaita hayo maendeleo.

Mpimaji hupokea maagizo ya vipimo na kurudisha majibu kwa daktari wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara kwa kompyuta, kupitia kisanduku cha intaneti. Kisanduku kilitundikwa chumbani kwangu, maana ndiko waya unakoingilia. Programu ya zahanati ni kuukuu, haifichi maneno yenyewe. Alishaomba ibadilishwe, akaambiwa asubiri. Kwa hiyo ulinzi wote ulikuwa neno la siri la kile kisanduku.

"Baba mkubwa, hili usimpe mtu," aliniambia.

Wazee wenzangu wakija kunitazama waliliomba. Nilikataa huku naona haya. Enzi za baba yangu mlango wa nyumba hii haukufungwa mchana, na aliyekuja kuomba moto hakurudi na kijinga kisichowaka. Siku moja kinyozi, mpangaji wa kibanda kinachopakana na ukuta wetu, akanitania mbele yao: "Mzee, hata hewa unaibania? Utazikwa nayo?" Wakacheka mpaka wakakohoa.

Kesho yake asubuhi nilichukua kijitabu cha kisanduku, nikaketi nacho na kamusi, nikaliondoa neno la siri. Kwa muda wa saa mbili tu, bila fundi. Nilijipigia makofi.

Nilidhani neno la siri ni kufuli ya bomba, kazi yake kuzuia watu wasichote. Sikujua kwamba ndilo pia linaloyafumba maneno yakiwa njiani. Ukiliondoa, barua zote zinatembea bila bahasha, na mwenye kompyuta na ujuzi kidogo anazisoma akiwa amekaa upande wa pili wa ukuta. Kijitabu kilieleza hayo ukurasa wa tisa. Mimi niliishia wa saba.

Kinyozi alikuwa na kompyuta, na siku hiyo hakuwa na wateja.

Siku ya tatu, hadi saa nne asubuhi, mikate ya mwoka mikate wa pale kona ilikuwa haijaguswa. Mteja mmoja akamnong'oneza sababu: kinyozi anasema umepelekwa kupimwa kifua kikuu. Mama wa watu akaja kwetu na aproni yake ya unga. Hakupiga kelele.

"Mwanangu, kikohozi changu nilikuletea wewe peke yako. Kimefikaje kwa kinyozi?"

"Sijui, mama. Lakini kimetokea kwangu. Kosa ni langu."

Mimi nilikuwa ukumbini, kikombe mkononi, na nilishaelewa. Nikarudi chumbani kwa ncha za vidole, mtu mzima hovyo.

Siku mbili nilinyamaza. Daktari alimwandikia Mpimaji kwamba hatampelekea mgonjwa tena mpaka aeleze siri ilivujaje. Mpimaji akashinda anafuta hadubini isiyo na cha kutazama. Jioni ya pili aliingia kwangu kukagua kisanduku.

"Baba mkubwa, neno la siri halipo. Nani amegusa?"

"Labda panya," nilisema. Mungu anisamehe, nilisema panya.

Akatazama kitandani. Kijitabu kilikuwa pale, na kamusi imefunuliwa juu yake.

"Panya huyu anasoma."

Nikaifunga kamusi taratibu.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Ningekueleza."

Akaweka neno jipya, akang'oa kisanduku, akakihamishia maabara. Kisha akamwandikia daktari kwamba ulinzi ulikuwa dhamana yake na yeye ndiye aliyezembea. Jina langu hakulitia. Kunisitiri kule kuliniunguza kuliko matusi.

Asubuhi nilikwenda kwa mwoka mikate, nikamweleza yote. Nikaongeza kwamba, kwa kuwa majibu yameshatoka, aniambie na anipe ruhusa nikayatangaze kwa kinyozi ili watu waache uvumi.

"Usithubutu!" akaniambia. "La kwanza ulilitoa bila kuniuliza, sasa unataka na la pili? Nimechoka kusomwa, mzee. Kaseme lako."

Nikaenda. Kibandani walikuwa wanaume watano, mmoja amenyolewa nusu kichwa. Nilisimama mlangoni nikasema kwamba mtandao niliufungua mimi, kwa kujiona, na kwamba binti yangu anabeba mzigo ambao si wake.

Kinyozi akazima mashine. "Mzee, mimi nilikuwa natania tu."

"Ulisoma barua ya mtu," nilimwambia, "na mimi ndiye niliyekufungulia."

Yule wa nusu kichwa akageuka kitini. "Sawa, lakini tuambie, yule mama anaumwa au haumwi?"

"Sijui. Na ningejua nisingekuambia."

"Sasa umekuja kutuambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Kinyozi akawasha mashine, wakaendelea kunitazama kwenye kioo.