Uzi Usio na Ncha

Atai alipomwona Ritah akishushwa kwenye bodaboda nje ya maabara, moyo ulimshuka. Taya la mtoto lilikuwa limevimba hadi jicho likaanza kusukumwa juu. Uvimbe wa aina hiyo hiyo ndio Atai aliouchunguza miaka yote katika maabara hiyo mjini Tororo, kwenye vipande vilivyokatwa kwa watoto asiowajua. Huyu alikuwa binti wa kaka yake.

"Tulidhani ni jino," alisema Emoit, kaka yake, ambaye alikuwa ameacha shamba lake kijijini Sikuda bila hata kubadili nguo. "Dada, hii kitu si ndiyo unasoma? Basi mpe dawa."

Atai aliwakalisha kivulini, akajitahidi kueleza. Ndani ya seli, jeni hutoa nakala za maagizo yake, ziitwazo RNA. Nyingi ni kama uzi: vimeng'enya, yaani protini zinazokatakata vitu ndani ya seli, huanza kuutafuna nchani mpaka uishe. Nyingine hufungwa ncha zikawa duara, na kwa kuwa hazina ncha ya kuanzia, hudumu sana. Baadhi ya maduara hayo hunasa RNA ndogo ambazo kazi yake ni kunyamazisha jeni. Zikinaswa, jeni iliyopaswa kunyamazishwa huendelea kutoa maagizo yake.

"Kwenye uvimbe kama huu naona duara la aina moja limejaa," alisema. "Labda ndilo linaloacha seli zikue ovyo. Labda ni matokeo tu ya ugonjwa. Sijui, kaka."

"Miaka yote hiyo, na hujui?"

Atai aliinuka, akamwinua Ritah. Siku hiyo hiyo akawapeleka hospitali ya rufaa, Ritah akaanzishiwa dawa za saratani. Nywele zikanyonyoka, uji akaukataa. Kabla ya dawa, daktari alipoomba kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti wa Atai, Emoit alikuwa amesema, "Chukueni," bila kumtazama dada yake.

Kilipofika maabara, Atai alishindwa kukishika. Mwenzake Robinah ndiye aliyekipima. Lile duara lilikuwamo, tele. Habari hiyo haikumsaidia Ritah hata kidogo.

Dawa ndizo zilizomsaidia. Uvimbe ulinywea, jicho likarudi mahali pake, ingawa daktari alionya kwamba unaweza kuota tena.

Jumapili moja Atai alikwenda Sikuda. Emoit alimsogezea kigoda na ugali wa wimbi.

"Kula, dada," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu hospitali.

Ritah alikuja akamkalia mapajani. Atai akamega tonge, akabaki nalo mkononi, macho yake kwenye uso wa mtoto, akitafuta dalili ya uvimbe.