Baraza la Watu Sitini

Hapa mtaani kwetu Woluwe, ukifungua mlango wetu wa jikoni unakanyaga hewa, bustani iko chini mita moja na nusu, na mtoto ameanza kutembea! Jumamosi tukakimbilia duka la mbao kuulizia bei ya baraza ya mbao ya kuweka nje ya mlango huo. Muuzaji akashika penseli: "Watasimama watu wangapi?"

Mume wangu akainua vidole vinne.

Nikaropoka, "Soixante! Sitini! Na watacheza!"

Penseli ikaganda.

"Maman, unatuharibia prix, bei itapanda," mume akaninong'oneza.

"Bon, papa, siku ya ubatizo wa mutoto, chorale nzima ya kanisa itacheza wapi? Ivunjike na mutoto yuko juu?"

Muuzaji akaongeza nguzo, akaongeza boriti, bei ikapanda maradufu. Tukarudi bila ubao hata mmoja, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Wasomaji, nisaidieni: nilimwokoa mtoto, au nilimfungia ndani?