Kaburi ya Binti Yangu, Toka Juu ya Mulima

Leo watu banapanda huu mulima juu ya kuvuta foto. Ni kweli, toka kule unaona muji wetu wa Baraka yote: ziwa, mitumbwi, mutaa wa zamani wa ku pwani, kwenye bakubwa wetu banasema muji ulianzia. Mi niliupanda juu ya kulima mihogo. Shamba yangu ilikuwa kule, na mihogo ile ilinijengea nyumba ya mabati. Hakuna mwanaume alinisaidia.

Binti yangu wa kwanza alikufa akizaa. Tulimuzika chini, pembeni ya muji. Benzangu ba kanisa balinishauri nijenge kaburi na sima, ile saruji, na musalaba. Nilikatala. Kwetu tunapanda muti juu ya kaburi, muti unaota, basi. Nilipanda ule wa maua mekundu. Kila asubuhi, jembe ku bega, niliuona toka juu, nikamwamkia mutoto wangu. Nilijiona na akili kupita bote. Nilisema sima inapasukaka.

Kisha vita ikafunga njia ya mashamba. Miaka mingi sikupanda tena.

Ule mutoto alizaliwa siku mama yake alikufa, baba yake alimukimbiza vita ngambo ya ziwa, akakomalia mu kambi ya bakimbizi mpaka akawa mukubwa. Mwaka huu alipata karatasi za kupanda ndege, kwenda inchi ya mbali. Alikuja kuniaga mi, nyanya yake.

“Koko, kabla niende, nionyeshe kwenye mama iko.”

Tulianza chini. Nyumba zimeingia mpaka kati ya makaburi, majani imefunika mingine. Nikamwambia: “Tupande. Toka juu siwezi kupotea.”

Mu njia vijana ba foto bakanicheka. “Koko, utafika ao tukubebe?”

“Beba kwanza pumzi yako,” nikamujibu mumoja. “Mi nilipanda hapa na mimba na kitunga ya mihogo. We uko na telefone tu, unahema sawa mbuzi.”

Bakacheka sana. Mujukulu wangu pia.

Tukafika. Nikaangalia. Mabati, mabati, moshi. Wekundu hakuna. Ule muti balishaukata kuni, bapike. Siwalaumu, hata mi ningeukata, kama batoto bangu bangelala njaa.

“Ni wapi, koko?”

Kusema sijue, kinywa yangu ikakatala. Mi, mwenye nilimuzaa. Nikanyoosha kidole ku kipande ya majani kati ya nyumba mbili.

“Pale.”

Akavuta foto. Akapiga magoti, akaomba wakati murefu, akalia. Mi nikasimama nyuma yake, najiambia sema, sema. Tukashuka.

Sasa mujukulu wangu iko kule inchi ya baridi. Anatuma sauti ku telefone ya jirani: foto ameitundika ku ukuta, kila siku ya Mungu anaombea mama yake mbele ya ile foto. Pengine ile kipande ya majani ni nyuma ya choo ya mutu.

Mi nimezeeka. Binti yangu sijue kwenye iko, na mutu mumoja tu mwenye angemutafuta, nilimudanganya.