Maua Hayakumsubiri Mgeni Rasmi

Niwieni radhi kwa kimya cha miezi minne. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Uzio wa Mama Chilewa, jirani yangu hapa Ihumwa, umefunikwa na mmea utambaao wenye maua ya zambarau. Kamati ya mtaa inadai ni sumu kwa mifugo, hivyo uchomwe pamoja na uzio. Mama huyu hana uzio mwingine.

Nikaombwa kuutambua, kwa kuwa nilifundisha elimu ya mimea. Nikawaambia tukutane saa moja asubuhi, maana maua hayo hujikunja kabla ya adhuhuri.

Walifika kwa wakati. Nililichunguza ua moja. Ni ndugu wa matembele, wala halina sumu.

Nilipofungua kinywa, mwenyekiti akanizuia. "Mwalimu, subiri mgeni rasmi."

(Naam. Mgeni rasmi wa kutazama maua.)

Alifika saa saba mchana. Alihutubia kwanza, ndipo tukaenda uzioni.

Maua yote yalikuwa yamejikunja kama vitambaa vilivyokamuliwa.

"Ua lenyewe liko wapi?"

"Lilikuwapo asubuhi, mheshimiwa," mwenyekiti akajibu.

"Basi siku nyingine yafunguliwe saa saba."

Wajumbe wakaandika agizo hilo!

Mama Chilewa akacheka. "Mwalimu, mbuzi wangu wanayala mwaka wa tatu huu. Mbona hamkuwaalika wao?"

Jawabu nilikuwa nalo tangu asubuhi, nikalinyamazia kwa heshima ya kiti kitupu.

Je, ninyi mngenyamaza?

Hatima ya uzio ikiamuliwa, nitawaandikia. Kesho saa moja nitakuwa pale, bila kamati.