Tundu Dogo la Mgongoni

Daktari alituonyesha kidole chake cha mwisho. "Bomba lenyewe ni jembamba kuliko hiki," alisema. "Lina kamera. Gegedo lililotokeza kati ya pingili za uti wa mgongo ndilo linalobana mshipa wa fahamu. Tutaondoa kipande hicho tu."

Mdogo wangu alinitazama. Ni karani wa ofisi Kibaha, mtu mzima, angeweza kusaini mwenyewe. Lakini tangu wazazi wetu walipofariki nikaacha shule darasa la sita ili nilime nimlee, hajawahi kufanya jambo kubwa kabla sijasema ndiyo.

Nilisema hapana.

Nilimfikiria baba yetu mdogo, aliyepasuliwa mgongo zamani. Alibaki na kovu refu kama zipu ya begi, akalala miezi, akainuka na fimbo. Daktari alieleza kwamba enzi hizo walilazimika kupasua ili macho yao yafike ndani. Sasa kamera ndiyo inayoingia, wao wanatazama kwenye skrini. Nilielewa nusu. Nusu nyingine niliona haya kuiuliza mbele ya mdogo wangu aliyesoma, nikajifanya nimekasirika.

"Mgongo si tairi la baiskeli," nilimwambia tulipotoka, "utobolewe kisha uzibwe kiraka."

Nikampeleka kwa mkandaji, kijijini Gwata. Alimlaza kifudifudi kwenye mkeka, akampanda mgongoni, akakandamiza kwa kisigino.

"Dada, mwambie aache!"

"Vumilia," nilisema, nikamshika mikono yote miwili.

Aliposimama, unyayo wake wa kushoto ulikuwa umelegea, unaburuzika. Hata hivyo niliporudi nyumbani Kisarawe niliwasifia majirani mkandaji yule. Siku ya tatu unyayo ulikuwa vilevile. Tukarudi kwa daktari.

"Mguu ulilegea lini?" aliuliza.

"Niliteleza bafuni," mdogo wangu alijibu haraka.

Daktari akaandika. Nilikuwa nimekaa palepale, pochi mapajani, nikamwacha aandike.

Safari hii nilisema ndiyo. Siku iliyofuata upasuaji nilimkuta anatembea kwenye korido, mgongoni ana plasta ndogo ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole gumba. Maumivu yaliisha. Nguvu za unyayo hazikurudi zote. Ndala yake ya kushoto huisha upande wa vidole.

"Dada, ukienda gulioni niletee za kushoto mbili," hunitania. Sijawahi kucheka.

Juzi alikuja kunitembelea. Jirani yangu alimwona njiani, mgongo umenyooka, akanifuata mbio hadi uani.

"Shoga, kumbe mkandaji wako kiboko! Hebu nielekeze. Baba watoto hajainuka kitandani tangu Jumapili, mguu mzima unawaka moto."

Mdogo wangu alikuwa anamenya mihogo. Aliinua uso, nikajua anatafuta namna ya kunisitiri tena. Nikamwahi.

"Usimpeleke. Alimkanyaga huyu hadi mguu ukalegea, na mimi ndiye niliyemshika mikono asijitoe. Aliyemponya ni daktari, baada ya mimi kumkataa. Mpeleke mumeo hospitali leo."

Jirani aliutazama ule mguu, kisha akanitazama mimi. Hakuniita tena shoga. Aliuliza hospitali ni ipi, akaondoka.

Mdogo wangu aliendelea kumenya.

"Kliniki yako ni lini?" nikamuuliza.

"Alhamisi."

"Nitaingia nawe. Nataka daktari afute ile habari ya bafuni."

Aliweka kisu chini.

"Haya, Dada," alisema.